Acha Wahakiki Waseme, Sisi Tunakata Tiketi

Leo tuyaweke pembeni mambo ya mahari, mawifi na simu zenye namba za siri. Tuzungumzie kitu ambacho wengi wenu mnakifanya mara kwa mara na wala hamkihesabu kuwa ni suala la mapenzi: kwenda kuangalia muvi.

Kuna sentensi moja nimeisikia sana kwa wanandoa na wachumba. "Hiyo muvi mbona wahakiki wameiponda?" Inasemwa kwa upole kabisa, tena mara nyingi msemaji ameshika simu mkononi. Lakini hebu tazama inavyofanya kazi. Aliyependekeza muvi ananywea. Anaanza kujitetea, eti alisikia tu kazini, eti yeye yuko tayari kuangalia yoyote. Mnaingia ukumbini mmoja akiwa na kinyongo na mwingine akiwa hakimu. Starehe ya saa mbili imeshageuka mtihani, na bisi hazijaisha hata nusu!

Ninaposema muvi, leo nina maana ya zile kubwa za kiangazi cha Marekani. Magari yanapaa, maroboti yanapigana, dinosaria wanavunja uzio, steringi anaruka ghorofani na shati halijachafuka. Huko kwao zinatoka kuanzia Mei mpaka Agosti, shule zimefungwa na joto limepamba moto. Sisi zinatukuta kwenye kipupwe. Nairobi mwezi wa saba unakwenda sinema na koti. Ila ukiingia ndani, kelele za watu ni zile zile.

Msimamo wangu nausema mapema ili usije ukanisingizia. Mhakiki ana swali lake, watoa tuzo wana swali lao, na ninyi wawili mna swali lenu. Yote matatu ni maswali halali. Matatizo yanaanza pale mnapochukua jibu la swali la mwenzenu na kulifanya jibu la lenu.

Papa aliyeanzisha yote

Ili tuelewane, turudi nyuma kidogo. Tarehe 20 Juni 1975 ilitoka filamu ya Jaws, ya yule papa mla watu. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, alikuwa kijana wa miaka 28. Papa wenyewe walikuwa wa mitambo, waliobatizwa jina la Bruce, na kila wakiingizwa kwenye maji ya chumvi walikuwa wanaharibika. Spielberg akalazimika kuficha papa na kuonyesha maji tu, pezi tu, na muziki wa John Williams ukikukaribia taratibu. Kumbe ndiyo ikatisha zaidi.

Lakini kilichobadilisha biashara ni namna ilivyouzwa. Zamani filamu nyingi kubwa zilianza kwenye kumbi chache za miji mikubwa, kisha zikasambaa polepole. Wahakiki wanaandika, watu wanasimuliana, ndipo nayo inafika mjini kwenu. Jaws ilifunguliwa siku moja kwenye kumbi zaidi ya 400, baada ya matangazo kumwagwa kwenye televisheni nchi nzima siku chache kabla. Mtu aliliona pezi lile sebuleni kwake Alhamisi, Ijumaa akapanga foleni. Hakumsubiri mhakiki wala jirani. Miaka miwili baadaye, Mei 1977, ikaja Star Wars, na Hollywood ikawa imeshajua kiangazi ni msimu wa kuvuna.

Unaona sasa chuki ndogo ilipoingia? Kwa mtindo huu filamu inaweza kurudisha hela zake wikiendi ya kwanza, hata kama kila gazeti limeitukana. Mhakiki aliyezoea kusimama mlangoni akakuta watu wameshapita dirishani. Na kusema ukweli, mtindo huo umetuletea takataka nyingi, maana mtu akijua atauza kwa tangazo, ya nini kuhangaika na hadithi?

Ila usisahau kwamba huyo mama wa muvi zote za kiangazi hakuwa takataka. Jaws iliteuliwa kuwania Filamu Bora kwenye Oscar, na ikachukua tuzo tatu: sauti, muziki, na uhariri wa Verna Fields. Kwa hiyo anayekuambia "hii ni ya kiangazi tu" anakutajia mwezi iliyotoka. Hajakuambia bado kama ni nzuri au mbaya.

Mhakiki naye yuko kazini

Sasa msije mkasema nawachukia wahakiki. Siwachukii, nawasoma sana, na wengine wanaandika vizuri kuliko filamu wanazoziandika. Ila lazima uelewe maisha yao. Mhakiki anaweza kuangalia filamu nne, tano kwa wiki, mara nyingine asubuhi, kwenye chumba chenye viti vitupu, kalamu mkononi. Kufikia Agosti ameshaona majengo yakilipuka mpaka usingizini yanalipuka. Wewe ndiyo kwanza jengo la kwanza tangu Pasaka! Mpishi wa pilau za harusi hawezi kuililia pilau ya Jumapili, na hiyo haina maana kwamba pilau yako ni mbaya au kwamba wewe ni mshamba kwa kuililia.

Halafu kuna zile asilimia. Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanza mwaka 1998, imewagombanisha watu wengi kuliko meseji za usiku. Wengi wanadhani 90% ni alama 90 kwa 100. Sivyo. Maana yake ni kwamba wahakiki tisa katika kila kumi wameisema vizuri, hata kama kila mmoja amesema tu "siyo mbaya". Filamu ambayo kila mtu ameiona ya kawaida, ya kupitisha muda, inaweza kupata 95. Filamu ambayo nusu ya watu wameililia na nusu nyingine wameichukia inapata 50, na kwa hesabu ya tovuti ile, chini ya 60 ni nyanya iliyooza. Sasa niambie, katika hizo mbili ni ipi unaweza ukaikumbuka miaka kumi ijayo?

Na wahakiki wanakosea, kama wewe na mimi. Tarehe 25 Juni 1982 zilitoka filamu mbili siku moja, Blade Runner ya Ridley Scott na The Thing ya John Carpenter. Ya kwanza iliwagawa wahakiki, ya pili waliishambulia kama mwizi wa kuku. Watu nao wakazikimbilia kidogo tu, maana E.T. ilikuwa imetoka wiki mbili kabla na kila familia ilikuwa huko. Leo hii zote mbili zinafundishwa, zinaigwa, zinatajwa kila orodha ya filamu bora za aina yake inapoandikwa. Aliyekaa ukumbini mwaka ule akaipenda The Thing peke yake hakuwa mjinga. Alikuwa ametangulia tu.

Kuna upande wa pili pia. Mwaka 2009 ilitoka Transformers ya pili, Revenge of the Fallen. Wahakiki wakaichinja, ikapewa hata tuzo ya kejeli ya Razzie kama filamu mbaya kuliko zote za mwaka. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani. Nani alikuwa sahihi? Mimi nasema wote. Hadithi yake ukiifuata unapotea kama mgeni Kariakoo. Na bado kuna watu waliotoka pale wakicheka, wamesahau bosi na kodi ya nyumba kwa saa mbili na nusu. Mhakiki aliulizwa, "Je, imetengenezwa vizuri?" Akajibu hapana. Yule mtazamaji aliulizwa, "Je, umefurahi?" Akajibu ndiyo. Hakuna aliyesema uongo.

Marehemu Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times alilijua hili. Yeye ndiye mhakiki wa filamu wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka ule ule wa 1975, na Jaws aliisifia sana. Alishaeleza kwamba nyota anazotoa ni za kulinganisha: muvi ya mashujaa anaipima na muvi nyingine za mashujaa, haipimi na filamu ya huzuni ya familia. Huyo ndiye mhakiki wa kumsikiliza, kwa sababu kwanza anajiuliza wewe umekwenda kutafuta nini.

Yaliyompata shosti wangu

Sasa mbona nahangaika hivi na mambo ya muvi? Ni kwa sababu ya shosti wangu mmoja. Ni msomi, ana kazi nzuri, na mumewe ni mtu wa benki, mpole, asiye na makuu. Starehe ya huyu bwana ni moja tu: muvi za maroboti na mashujaa. Akiwa ukumbini anacheka kwa sauti, anajipiga paja, anamnong'oneza mkewe nani ni nani.

Shosti naye alikuwa na tabia yake. Wakiwa kwenye gari kuelekea sinema anasoma asilimia kwa sauti. "Mume wangu, hii ina 20." Wakitoka, mbele za watu, anamtania: "Kweli na masters yako yote unafurahia kitu kama kile?" Watu wanacheka. Mume naye anacheka. Ilikwenda hivyo kama miaka miwili hivi.

Kisha Ijumaa zikaanza kuwa na vikao. Kikao hiki, kikao kile. Siku moja shosti anapeleka koti la mumewe kwa dobi, akakuta mfukoni kipande cha tiketi ya sinema. Tarehe ya kikao! Alinipigia simu analia, ameshamtafuta mwanamke kichwani mwake, ameshampa mpaka rangi ya nywele. Mwanamke hakuwepo. Mume alikuwa amekwenda na wafanyakazi wenzake wawili pamoja na mdogo wake. Alipobanwa alijibu kwa kifupi: "Nilitaka kuangalia tu, mama. Bila kusahihishwa."

Shosti aliniambia jambo ambalo limenikaa kichwani. Alisema, "Ingekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia. Sasa hapa nagombana na nani?"

Mpenzi msomaji, hapo ndipo penye uzito wa safu hii. Mtu hakumbii nyumba kwa sababu ya filamu. Anachokikimbia ni kuonekana mdogo pale anapokuwa na furaha. Tukiwa na huzuni tunajilinda, tukiwa na hasira tunajilinda, lakini mtu anayecheka mpaka anajipiga paja hajavaa ngao yoyote. Ukimchoma hapo anaumia sana, na hasemi, kwa sababu ataanzaje? Aseme ameumizwa na utani juu ya roboti?

Na hii haina jinsia. Nawajua akina dada ambao wamekoma kuangalia filamu za mapenzi sebuleni kwa sababu kila busu lina maoni kutoka kwenye kochi la pili. Nawajua pia waliokoma kuwasha filamu za taratibu, zile za kusoma maandishi chini ya skrini, kwa sababu mwenzao anaanza kukoroma makusudi. Dharau ni dharau tu, iwe inatoka juu kwenda chini au chini kwenda juu.

Tulikotoka

Tena sisi ndio tunaopaswa kuwa wa mwisho kuringa. Wengi wetu mapenzi ya muvi hatukuyapata kwenye viti vya kuegemea. Tuliyapata kwenye vibanda vya video, benchi la mbao, joto kama tanuri, televisheni moja watu sitini. Huko Dar kulikuwa na kanda zilizotafsiriwa na Lufufu, aliyekuwa anamwingizia Mmarekani maneno ya Kiswahili mdomoni mpaka adui anaongea kama mtu wa mtaani kwenu. Kenya ikawa na DJ Afro wake, Uganda ikawa na VJ Jingo kwa Kiganda. Muvi ambayo kwao ilikuwa ya kawaida, kwetu ilipata uhai wa pili, kwa sababu mtu mmoja mwenye maikrofoni alijua watazamaji wake wanataka nini.

Pale kibandani hapakuwa na asilimia. Ilikuwepo sheria moja tu, steringi hauawi, na akikaribia kuuawa benchi zima linasimama. Muvi mbovu ilijulikana, tena haraka: watu walizomea au walitoka. Kwa hiyo si kweli kwamba umati haujui kuhukumu. Unahukumu kwa kitu kingine, kwa kuuliza kama tuliokaa hapa tumepelekwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Muvi kubwa ya kiangazi imetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, na ndiyo maana ukiiangalia peke yako kwenye simu, umelala, inapwaya. Inataka watu wa kushtuka nao.

Na hizi tuzo je?

Hapa ndipo wengine wanaponiuliza: kama ni nzuri kihivyo, mbona hazipati Oscar? Swali zuri. Tulijibu kwa historia, maana ina vituko.

Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 kwenye hoteli ya Hollywood Roosevelt, wageni kama 270, na kugawa tuzo zenyewe kulichukua kama dakika 15. Linganisha na siku hizi! Usiku ule kulikuwa na tuzo mbili za juu. Moja ilikwenda kwa filamu iliyotia fora kwa jumla, nyingine kwa filamu ya kipekee kisanaa. Ya kisanaa ilichukuliwa na Sunrise, hadithi ya ndoa iliyokaribia kuvunjika. Ile nyingine ilichukuliwa na Wings, muvi ya ndege za kivita za Vita Kuu ya Kwanza, ambamo waigizaji walirushwa angani kweli na kamera zikafungwa kwenye ndege.

Umeelewa nilichokisema? Filamu ya kwanza kabisa kuchukua heshima inayoitwa leo Filamu Bora ilikuwa muvi ya mapigano. Mwaka uliofuata ile tuzo ya kisanaa ikafutwa, ikabaki moja, na tangu hapo filamu za aina mbili tofauti zinagombania kiti kimoja.

Ugomvi huo haujaisha. Julai 2008 ilitoka The Dark Knight, ya Batman. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1, na wahakiki wenyewe waliisifu. Heath Ledger, aliyeigiza Joker na kufariki Januari mwaka ule, alipewa tuzo ya mwigizaji msaidizi, familia yake ikaipokea. Lakini kwenye orodha ya Filamu Bora, haikuwemo. Watu wakapiga kelele, na Juni 2009 Akademi ikatangaza kwamba walioteuliwa watakuwa kumi badala ya watano. Agosti 2018 wakaja na wazo jingine, tuzo maalumu ya filamu "pendwa". Ikachekwa, ikaonekana ni peremende ya kumnyamazisha mtoto, na Septemba wakaliweka kabatini. Miezi michache baadaye Black Panther ikateuliwa kuwania Filamu Bora yenyewe, ya kwanza ya mashujaa kufika hapo. Haikushinda, ila ilitoka na tuzo tatu, ikiwemo ya mavazi kwa Ruth E. Carter. Ile iliyotuvalisha vitenge kwenda sinema!

Kingine ni namna wanavyopiga kura. Kwenye Filamu Bora mwanachama hachagui moja tu, anazipanga kwa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kama hakuna iliyopata zaidi ya nusu ya namba moja, inayoshika mkia inatolewa na kura zake zinahamia kwenye chaguo linalofuata, mpaka mmoja apite. Mtindo huu unaipa nafuu filamu ambayo wengi wanaikubali, hata kama si ya kwanza moyoni mwao. Filamu inayopendwa sana na kuchukiwa sana inakwama. Ni kama kikao cha ukoo kuchagua mchumba: anayepita ni yule ambaye hakuna shangazi anayempinga. Mara nyingine ni mchumba mzuri kweli. Mara nyingine moyo wako ulikuwa kwa mwingine.

Ndiyo maana mimi tuzo naziangalia kwa furaha na siziogopi. Nani katika Afrika Mashariki amesahau ile alfajiri ya Machi 2014, Lupita Nyong'o alipochukua Oscar kwa 12 Years a Slave? Ile ilikuwa filamu ngumu, ya kuumiza, na bila kelele za tuzo wengi wetu tusingeiona. Parasite ya Korea Kusini, iliyoshinda Filamu Bora mwaka 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza, iliingia sebule nyingi kwa mlango huo huo. Tuzo ni taa. Inamulika kilichokuwa gizani, na hiyo ni kazi ya maana. Muvi ya kiangazi ina matangazo yake ya mamilioni, haihitaji taa ya mtu.

Na mara moja moja mambo yote yanakutana. Gladiator ilitoka Mei 2000, vumbi, panga na chui milia, na mwaka uliofuata ikachukua Filamu Bora. Titanic ilipangwa kutoka kiangazi cha 1997, ikachelewa hadi Desemba, watu wakaitabiria kuzama kama meli yenyewe. Ikachukua Oscar 11. Halafu tarehe 21 Julai 2023 zikatoka Barbie na Oppenheimer siku moja. Oppenheimer, saa tatu za wanasayansi wakibishana, ikachukua Oscar saba pamoja na Filamu Bora. Barbie, iliyoingiza hela nyingi kuliko filamu yoyote mwaka ule, iliteuliwa mara nane na kuondoka na tuzo moja, ya wimbo. Mwongozaji wake, Greta Gerwig, hata kuteuliwa kama mwongozaji hakuteuliwa. Je, wale waliovaa pinki wakaenda na mashosti zao walipungukiwa na nini? Walikuwa wameshafurahi miezi minane kabla.

Sasa mfanyeje?

Msomaji wangu hapendi kuachwa hewani, kwa hiyo haya chukua.

Kwanza, mchague kwa zamu. Wikiendi hii yako, ijayo yake. Mwenye zamu hajitetei wala hahitaji kuleta ushahidi wa wahakiki. Mwenzake anavaa vizuri na anakwenda.

Pili, hakiki zisomwe baada ya muvi. Ukizisoma kabla unakwenda kukagua, ukizisoma baada unapata mtu wa tatu wa kubishana naye, na hapo mhakiki ni mtamu kweli. Ila kama hela ya tiketi ni ya kubana, soma mmoja unayejua ladha yake inakaribiana na yako, na asilimia uziache.

Tatu, mkitoka ukumbini msianze na "ilikuwa nzuri au mbaya?" Uliza, "Wewe umependa wapi?" Swali la kwanza linaita hukumu, la pili linakufungulia moyo wa mtu. Utashangaa. Unaweza kuishi na mtu miaka sita usijue kwamba analia kila baba na mwana wanapopatana kwenye skrini, hata kama mmoja wao ni roboti.

Nne, una ruhusa ya kutoipenda. Kumheshimu mwenzio hakuna maana ya kujifanya. Sema, "Mimi imenipita, ila nimefurahi kukuona ulivyocheka." Hiyo sentensi ni ya bure na inadumu kuliko maua.

Shosti wangu na mumewe? Wanaendelea. Yeye maroboti bado anayaona ni makelele ya mabati, na halifichi. Lakini asilimia amestaafu kuzisoma, na siku hizi yeye ndiye anayenong'ona gizani: "Huyu wa bluu ni wetu au ni adui?" Mume anamweleza. Paja bado halijapigwa kama zamani, nasikia, ila mkono umeanza kunyanyuka.

Filamu inakwisha, taa zinawaka, mhakiki anakwenda kuandika na Akademi inasubiri Machi. Anayerudi nyumbani na wewe ni yule aliyekaa kiti cha pembeni. Wikiendi hii ni zamu ya nani kwenu?

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Na bisi mgawane sawa!